Mama Ana Miguu

Meli ilikuwa isimame kwetu jioni moja tu. Inaingia saa kumi na moja, inaondoka saa nne usiku, na abiria wake walishaandaliwa mabasi ya kwenda kuuona mji mbio mbio na kurudi. Wafanyakazi nao wangetoka kwa zamu. Binti yangu, kitinda mimba wangu, anapiga pasi kwenye chumba cha dobi cha meli hiyo, na zamu yake ilikuwa kuanzia saa kumi na mbili mpaka saa tatu kamili. Ukitoa njia ya kuja nyumbani na njia ya kurudi bandarini, yanabaki masaa mawili. Masaa mawili baada ya miaka mitatu.

Aliponipigia kunipa habari hiyo hakushangilia. Aliongea polepole kama mtu anayekata kitambaa ambacho hakuna kingine kama hicho dukani.

"Mama, mimi sitaki sherehe. Namtaka mwanangu. Aje mikononi mwangu mwenyewe kwa hiari yake, hata dakika moja. Maana akinikataa, ile ngazi ya kupandia melini sitaiweza. Miguu itagoma."

"Atakuja," nikamwambia.

Nilijibu haraka hivyo kwa sababu nilikuwa bado sijajua nilichokifanya.

Huyo mwanawe ndiye mjukuu wangu, tunamwita Bobini, kama kile kigurudumu cha uzi ndani ya cherehani, kwa vile ni mviringo na hatulii. Aliachwa akiwa na mwaka mmoja na miezi miwili, sasa ana miaka minne. Mimi ni fundi cherehani. Chumba cha mbele ndicho cha kazi: cherehani ya miguu, meza ya kukatia, pasi, na kwenye kona pazia la maua ambapo wateja hujaribia nguo. Bobini amekulia chini ya meza hiyo, akiokota vifungo.

Mama yake alikuwa akimwona kwenye simu yangu kila meli ilipopata mtandao. Siku moja simu ikaniponyoka, ikaanguka juu ya pedeli ya cherehani, kioo kikapata ufa kona hadi kona. Nikaishonea mfuko wa mahameli iliyobaki kwenye gauni la bibi harusi mmoja. Na kwa kuwa mkono wa fundi hauchoki kujipendekeza, nikautia kola, nikautia mikono miwili, nikautia na vifungo vitatu kifuani. Simu ikawa na gauni.

Bobini alilipenda gauni hilo mno, na tangu hapo simu ikaacha kuwa simu. Wakimaliza kuongea, anasema, "Haya mama, ingia ulale," anafunga vifungo kimoja kimoja, anailaza kwenye kikapu cha nyuzi. Asubuhi anaitegea sikio. Mimi nilicheka nikamwacha, nikasema moyoni haya ndiyo mapenzi. Wanasema samaki mkunje angali mbichi. Nami nilimkunja, ila nilimkunjia upande wa ndani nje.

Wiki moja kabla ya meli, nikamwambia, "Bobini, wiki ijayo mama anakuja."

Akaitazama simu. Akapitisha kidole juu ya ule ufa. "Atatokaje, bibi? Kioo kitamkata."

Hapo ndipo sindano iliponichoma.

"Hatoki humo, mjukuu wangu. Anakuja na meli."

"Na huyu?"

"Huyu ndiye huyo."

Akanitazama vile ninavyomtazama mteja aliyeleta mita moja na nusu akitaka gauni la kuburuza.

Wiki nzima nilieleza. Nilieleza nikipiga pasi, nilieleza nikimwogesha. Alisikiliza kwa adabu zote, kisha akauliza, "Sasa mama akija, mama atabaki na nani?" Nikaona maneno hayafai, tungoje macho yaone.

Basi katikati ya shughuli hiyo akaingia wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu. Alikuwa karani wa ofisi miaka thelathini na moja, amestaafu, lakini vikao havijamstaafu yeye. Tunamwita Ajenda, na analipenda jina hilo. Alikuja na karatasi iliyopigwa chapa.

"Wifi, masaa mawili ni mia na ishirini. Bila ratiba yatamwagika kama mtama." Akavaa miwani. "Kipengele cha kwanza, mapokezi, dakika kumi. Cha pili, sala na utambulisho, kumi."

"Utambulisho wa nani, wifi? Si tunajuana?"

"Utaratibu. Cha tatu, nasaha za mjomba, kumi na tano. Cha nne, chakula, thelathini. Cha tano, picha. Cha sita, salamu za majirani. Cha saba, mtoto na mama, dakika tano. Cha nane, mengineyo."

"Mtoto awe wa saba?"

"Wifi yangu, mtoto ndiye mgeni rasmi. Umeona wapi mgeni rasmi akaanza?"

Nilitaka kusema. Lakini mimi shule niliishia darasa la tatu, na karatasi iliyopigwa chapa bado inanitisha kidogo. Nikaendelea kutia pindo.

Siku ikafika. Mwanangu mkubwa, fundi friji, ndiye aliyekwenda kumpokea kwa gari lake la kazi. Nilikuwa nimemwomba alitoe friji la mteja lililokuwa nyuma. Akaniambia, "Mama, usijali." Huyu akikwambia usijali, anza kujali. Walifika saa kumi na mbili na dakika arobaini, binti yangu amekaa mbele na mlango wa friji mapajani, kwa kuwa ulikuwa haufungi, kaka yake akaung'oa.

Alishuka na sare nyeupe, amekonda shingo, amenenepa mikono. Nikamkumbatia, nikasikia harufu ya sabuni nisiyoijua. Tulikaa hivyo mpaka Ajenda akasema mapokezi yameisha dakika mbili zilizopita.

"Yuko wapi?" binti yangu akaninong'oneza.

Alikuwa chini ya meza, amekumbatia gauni la mahameli na simu ndani yake. Binti yangu akachuchumaa.

"Bobini. Mwanangu. Ni mimi, mama."

Bobini akamwangalia kutoka juu mpaka chini, akafika kwenye viatu, macho yakabaki hapo.

"Shikamoo," akasema.

"Marahaba. Njoo basi kwa mama."

"Wewe si mama. Mama yangu ni wa hivi." Akapima kwa mikono miwili, kiasi cha kipande cha mkate. "Na mama yangu hana miguu."

Fundi friji alicheka mpaka akashika mlango. Mjomba, ambaye ni kaka yangu na alikuwa ameshakaa kwenye kiti chenye mito, akacheka. Na mimi, Mungu anisamehe, nilicheka. Maana mtoto alikuwa na haki yake: miaka mitatu amemwona mama yake kuanzia kifuani kwenda juu. Binti yangu naye alicheka pamoja nasi. Kisha akasema anakwenda kunawa uso, akakaa bafuni muda mrefu, maji yakimwagika.

Aliporudi macho mekundu, nikamwambia Ajenda, "Wifi, tuanze na cha saba."

"Ratiba ikivunjwa kipengele kimoja, wifi, imevunjwa yote," akanijibu. "Mjomba, karibu."

Mjomba akasimama. Kaka yangu huyu alikuwa mwangalizi wa ghala, miaka yote akiongea na magunia, na magunia hayakuwahi kumkatiza. Alianza tangu babu yetu alipohama. Fundi friji akataka kurekodi. Simu yake mwenyewe aliifungua aitengeneze, akaifunga, zikabaki skrubu nne, na tangu siku hiyo haijawaka. Kwa hiyo akamvizia Bobini, akachomoa simu yangu kwenye gauni, akaanza kumrekodi mjomba.

"Rudisha mama!" Bobini akapiga kelele.

"Namwazima tu, anko anampiga picha babu."

Dakika kumi na tano za mjomba zikawa thelathini na tano. Tukala. Binti yangu alikula kwa jicho moja, jingine liko chini ya meza. Alisogeza sahani karibu na Bobini. Bobini akaisogeza yake upande wa pili. Akatoa mwanasesere kutoka kwenye begi, mzuri, anayefumba macho. Bobini akampokea, akashukuru, akamvua viatu, akamrudisha. "Huyu naye ana miguu," akasema, kama mtu anayetoa taarifa ya ugonjwa unaoenea.

Majirani wakaja na salamu. Kila mmoja alitaka kupigwa picha na mtu wa meli, na simu ni ile ile yangu. Mama wa duka la jirani akauliza huko melini wanafua mashuka mangapi kwa siku. "Mengi," binti yangu akajibu, huku akiitazama saa ya ukutani. Saa ya ukutani ilisema saa mbili na dakika nne. Saa mbili na nusu lazima gari liwe limeondoka.

"Kipengele cha saba," Ajenda akatangaza. "Mtoto na mama. Dakika tano, tafadhali."

Watu wote wakageuka wakamkodolea Bobini. Jamani, hata ng'ombe mnadani huangaliwa kwa staha zaidi. Bobini akamnyang'anya fundi friji simu, akaibonyeza. Giza. Akaibonyeza tena. Chaji yote imekwisha kwa hotuba ya mjomba. Akaivalisha gauni lake, akafunga kifungo cha kwanza, cha pili, cha tatu.

"Mama amechoka. Amelala."

Binti yangu akapiga magoti sakafuni na sare yake nyeupe. Akaanza kumwimbia wimbo aliokuwa akimwimbia kwenye simu, ule wa kuhesabu vidole. Sauti ni ile ile. Mimi nilifumba macho nikasema sasa atamjua.

Bobini akaweka kidole mdomoni. "Shhh! Utamwamsha mama."

Binti yangu akanyamaza katikati ya kidole cha tatu. Akanigeukia. Hakulia, na ningependa angelia. "Mama," akasema, "mwambie kaka asiwashe gari. Siendi."

"Hilo haliko kwenye ratiba," akasema Ajenda.

Mimi ni mtu wa subira. Nimefumua mshono mmoja mara saba bila kutukana. Lakini subira nayo ina pindo, ukifika kwenye pindo hakuna kitambaa tena. Nikanyoosha mkono.

"Wifi, nipe hiyo karatasi."

Akanipa, akidhani nataka kuisoma. Nikaikunja, nikachukua mkasi mkubwa, nikaikata kola.

"Wifi!"

"Karatasi nzuri hii, inafaa kwa kielelezo cha kukatia nguo. Sasa nisikilizeni. Majirani, ahsanteni, kesho tutaonana. Ajenda, kaa. Fundi friji, ingia garini, usipige honi mpaka nikwambie. Wewe binti yangu, una simu yako?"

"Ninayo."

"Ina mtandao?"

"Kaka aliniwekea bando pale getini bandarini."

"Nenda nyuma ya pazia la kujaribia nguo. Ukae kimya mpaka simu yangu iwake. Kisha unipigie kama siku zote, sura na sauti."

Alinitazama kidogo, akanielewa. Akaenda, pazia likafunga.

Ikabaki kuiwasha simu. Sasa, simu yangu ina maradhi yake: haiingizi chaji mpaka waya ushikwe umepinda kidogo kushoto, na anayeushika asitikisike hata kope.

"Kaka," nikamwambia mjomba, "shika hapa."

"Dada, kwani nasaha zangu sikuwa nimezi…"

Taa ya chaji ikazima.

"Umeona? Ukiongea unatikisika. Shika, unyamaze."

Akashika. Ilikuwa mara ya kwanza tangu tukiwa watoto kumwona kaka yangu amekaa dakika saba mdomo umefungwa. Alikuwa anapumua kwa pua kama gari la mzigo mlimani. Bobini akasimama mbele yake, akimlinda asimwamshe mama vibaya. Ajenda akaangalia saa yake, akafungua mdomo, nikamwonyesha mkasi, akaufunga.

Saa mbili na dakika kumi na tatu simu ikawaka. Ikalia papo hapo.

"Mama ameamka!" Bobini akafungua vifungo. Sura ya binti yangu ikajaa kwenye kioo, na ufa wake katikati.

"Bobini wangu. Hujambo?"

"Sijambo mama. Mama, kuna mgeni hapa." Akashusha sauti, lakini si sana. "Anasema yeye ni wewe."

"Aa! Yukoje?"

"Mkubwa. Ana miguu."

"Mimi pia ninayo."

Bobini akacheka. "Huna!"

"Ninayo, sijawahi kukuonyesha tu. Nilijisahau. Unataka kuiona?"

Kwenye kioo sura ikaondoka, ikaja shingo, vikaja vifungo vya sare, likaja goti, halafu miguu miwili peku juu ya zulia. Alikuwa amevua viatu. Vidole vikachezacheza.

Sijawahi kumwona mtu akishangaa hivyo, na mimi nimeshangaza mabibi harusi wengi. "Bibi!" Bobini akapiga ukelele. "Bibi, mama ana miguu! Miwili!"

"Bobini," sauti ikasema, "nataka kutoka."

Furaha ikamtoka usoni. "Usitoke. Kioo kimepasuka. Kitakukata."

"Sipiti kwenye kioo. Bibi amenishonea mlango wa kitambaa. Uko hapo kwenye kona, una maua. Ukiufungua wewe, sitaumia."

Bobini akanitazama mimi. Nikatikisa kichwa kukubali. Nilishona pazia lile kweli, kwa hiyo sikusema uongo. Akaitazama simu, akaitazama kona. Akatembea polepole, mjomba naye akimfuata na waya wake, amepinda vile vile, anapiga hatua kama mtu aliyebeba mayai, mpaka waya ukafika mwisho ukachomoka. Bobini akashika pindo la pazia. Chini yake vilionekana vile vidole vya miguu, vinachezacheza.

Akavitazama vile vya simuni. Akavitazama hivi. Akavuta.

Binti yangu alikuwa amekaa sakafuni, simu mkononi ameielekeza mbele. Bobini akatazama kioo cha simu aliyoishika yeye, na safari hii aliyekuwa ndani ya kioo ni Bobini.

"Mama," akasema, "wewe umetoka, mimi nimeingia."

Kisha akaiacha simu ikaanguka, kwa mara ya pili katika maisha ya simu hiyo, akaenda akakaa juu ya miguu ya mama yake, yote miwili, kama kuku anayeatamia. Binti yangu akamzungushia mikono. Wakaendelea na wimbo pale ulipokatika, kwenye kidole cha tatu, ila sasa kwa vidole vya miguu. Ajenda alivua miwani akaifuta. Akaivaa, akaivua tena.

Dakika kumi na nne walikaa hivyo nyuma ya pazia, na sisi wengine tukajifanya tunakunja vitambaa. Hata mjomba. Alikuwa bado ameushika waya, hakuna aliyemwambia aache.

Saa mbili na nusu na dakika mbili honi ikalia. Sikuwa nimemwambia, lakini kwa mara moja maishani fundi friji alikuwa sahihi. Nikajua sasa ndiyo kazi yenyewe.

Binti yangu alimtazama mwanawe. Bobini ndiye aliyesema.

"Unarudi ndani?"

"Ndiyo. Nikamalize kazi."

"Miguu unakwenda nayo?"

"Nakwenda nayo."

Bobini akafikiri. Akainama, akamvalisha mama yake viatu, cha kushoto kulia na cha kulia kushoto. Binti yangu hakubadilisha. Alitembea hivyo hivyo mpaka kwenye gari, akapakata mlango wa friji wake, akaondoka. Mtoto hakulia. Niliyelia ni mimi, na Ajenda akanishikia kitambaa, akisema taratibu, "Hii tuiite mengineyo, wifi."

Simu haikuwa imekufa. Ilikuwa imepata ufa wa pili, kutoka kona hadi kona ya upande mwingine. Saa tatu kasoro dakika tano ikalia. Mjomba akaruka akashika waya bila kuombwa. Hatukuona sura. Tuliona vyuma vya ngazi, taa, na viatu viwili vilivyovaliwa kinyume vikipanda: kimoja, kingine, kimoja, kingine. Bobini alivihesabu kwa sauti mpaka hesabu zikamwishia, akaanza upya. Viatu vikafika juu. Vikasimama. Kimoja kikapunga.

"Kafika," Bobini akasema. Akalichukua gauni la mahameli, akaiingiza simu ndani, akaanza kufunga vifungo. Akaacha. Akaligeuza chini, akachungulia.

"Bibi, hili halifai."

"Lina nini?"

"Halina pa kutia miguu."

Nikawasha taa ya cherehani. Nimeshona suti za mabwana harusi, nimeshona sare za shule nzima, lakini suruali ya simu hapana, sikuwahi, na mteja alikuwa amesimama begani kwangu na mkanda wa kupimia. Kwa bahati kielelezo nilikuwa nacho. Karatasi ya Ajenda ilikuwa imebaki nusu, kuanzia kipengele cha saba kwenda chini, na ilitosha kabisa miguu miwili.